Kabla Hujamwita Mfanyakazi Mzembe, Iangalie Kwanza Kazi Yenyewe

Mimi ni mwanasaikolojia wa kazi, na miaka kadhaa nyuma niliitwa na kiwanda kimoja kinachofungasha unga wa sembe, jina siliweki, na meneja wake alikuwa na shida moja tu, wadada wa shifti ya usiku ni wazembe. Mifuko ya kilo 2 ilikuwa inafika madukani inavuja, wenye maduka wanairudisha, na ukifuatilia unakuta karibu yote imefungwa usiku. Walishakaripiwa, wakapewa barua za onyo, wawili wakaachishwa kazi kabisa na mifuko ikaendelea kuvuja vilevile. Sasa alitaka nije niwape semina ya motisha.

Nikamwomba kwanza nikae usiku mmoja mle ndani, nisifundishe kitu, nikae tu.

Kwenye saa nane hivi mashine ya kuziba mifuko ikaanza kupoteza joto. Dada aliyekuwa mwisho wa laini akachukua mfuko, akaubonyeza pembeni kwa kidole gumba, unga ukatoka kidogo kama vumbi, akaufuta kwa kiganja akaupanga kwenye boksi. Uliofuata hivyohivyo. Nikamuuliza mbona husimamishi mashine dada yangu? Hakujibu, alinionyesha kwa kidevu tu karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo. Ina tarehe, saa mashine iliposimama, imesimama dakika ngapi, na safu ya mwisho ni jina la aliyeisimamisha. Mwisho wa mwezi zile dakika zinakatwa kwenye bonasi ya mwenye jina. Mfuko unaovuja haujaandikwa jina la mtu, ila mashine iliyosimama ina mwenyewe.

Sasa hapo semina ya motisha ingefanya nini jamani? Yule dada kazi anaijua vizuri sana, mfuko mbovu anautambua kwa kidole tu, na hesabu aliyopiga ni sahihi kabisa kwa yale mazingira aliyowekewa. Ukimtoa yeye ukamweka mwingine, hata awe mchapakazi kiasi gani, baada ya wiki mbili naye atakuwa anafuta unga kwa kiganja.

Ndo maana nimeamua kuandika haya, kwa sababu hiyo fani yangu ya saikolojia ya kazi watu wengi wakiisikia wanafikiri ni mambo ya kuhamasisha wafanyakazi, kuimba nyimbo kwenye semina na kupeana fulana. Ni fani inayochunguza mtu akiwa kazini, anachaguliwaje, anafundishwaje, kazi yake imepangwaje, anapimwa kwa kipi, anaongozwaje, na hayo yote yanamfanyia nini kichwani na mwilini. Imeanza zamani, Hugo Münsterberg, Mjerumani aliyekuwa anafundisha Harvard, mwanzoni mwa miaka ya 1910 alikuwa anatengeneza majaribio ya kuchagua madereva wa treni za umeme za mjini ili ajali zipungue, na ilipofika vita vya kwanza vya dunia jeshi la Marekani likawapima askari kama milioni 1.7 kwa mitihani ya wanasaikolojia. Tangu hapo imekua.

Kitu cha kwanza kabisa ninachowaambiaga mameneja ni kwamba sisi binadamu tuna kosa moja la kufikiri ambalo liko ndani yetu wote. Mimi nikichelewa kazini ni foleni, ni daladala, ni mtoto kaumwa, mwenzangu akichelewa ni tabia yake. Tukimwangalia mtu mwingine tunaiona tabia haraka sana na mazingira aliyomo hatuyaoni. Mwanasaikolojia wa Stanford anaitwa Lee Ross ndo aliyelipa jina kosa hili mwaka 1977, na kazini linaumiza kuliko sehemu nyingine kwa sababu anayehukumu ana mamlaka ya kuandika barua ya onyo, na ukishamwita mtu mzembe umemaliza uchunguzi, huendi tena kuangalia ile nguzo ina karatasi gani.

Twende Marekani kidogo, maana huko kuna kisa ambacho kila anayesoma fani hii anakutana nacho. Nje kidogo ya Chicago kulikuwa na kiwanda cha vifaa vya simu kinaitwa Hawthorne, cha kampuni ya Western Electric, na kuanzia 1924 mpaka 1932 kulifanyika tafiti nyingi mle. Wengi wanakijua kwa ile hadithi ya taa, kwamba waliongeza mwanga uzalishaji ukapanda, wakapunguza mwanga ukapanda tena, ila watafiti waliokuja kuzifungua upya takwimu zile miaka ya karibuni wameona mambo hayakuwa yamenyooka hivyo, kwa hiyo mimi darasani siitegemei sana. Chumba ninachokipenda ni kingine, kile walichokiangalia toka Novemba 1931 mpaka Mei 1932, kilikuwa na wanaume 14 wanaofunga nyaya na kuzilehemu.

Malipo yao yalikuwa ya kikundi, mkizalisha zaidi mnapata zaidi wote. Kwa hesabu ya ofisini kila mtu alitakiwa akazane. Lakini mle ndani wenyewe walishakubaliana kimyakimya kwamba kazi ya siku nzima ni vifaa viwili, ukishamaliza viwili umetosha, na kuna waliokuwa wanaweza zaidi ya hapo kirahisi tu. Anayekimbiza sana anapigwa ngumi ya begani na wenzake, na anayeenda taratibu mno naye anatupiwa maneno kwa sababu anawala wenzake. Wanaosengenya kwa bosi ndo hawataki kuwasikia kabisa. Kwa nini walijizuia na hela ilikuwepo? Walikuwa wanaogopa kwamba wakionyesha wanaweza zaidi, kiwango kitapandishwa na malipo yatabaki palepale, au ofisi itaona kumbe watu kumi wanatosha na wanne wataenda nyumbani, na huo ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, kazi nje hakuna.

Nikisimulia hiki kisa kwenye mafunzo hapa kwetu huwa naona watu wa mauzo wanaangaliana. Maana wanakijua. Tageti ya mwezi umeifikia tarehe 24, wiki iliyobaki unawaambia wateja waje tarehe 2, kwa sababu ukiivuka sana mwezi huu mwezi ujao unapandishiwa. Bosi anaona mtu kalegea mwisho wa mwezi. Kumbe mtu anajilinda na historia, mwaka jana ilipandishwa mara tatu. Dawa yake wala sio kumbana, ni kusema wazi kabla mwaka haujaanza kwamba tageti ni hii na haitaguswa mpaka Desemba, alafu kweli usiiguse hata kama watu wamevuka mara mbili. Hiyo sehemu ya pili ndo inawashinda wengi.

Kingine ni haki. Kwenye fani yetu haki tunaigawa, kuna haki ya kile mtu alichopata, mshahara, posho, cheo, na kuna haki ya namna maamuzi yalivyofikiwa na namna mtu alivyoambiwa. Watu wanavumilia kupata kidogo kuliko wanavyovumilia kudharauliwa, na hili sio maneno tu. Mwaka 1990 mtafiti anaitwa Jerald Greenberg alichapisha utafiti wa kampuni moja ya Marekani iliyopoteza mikataba, ikabidi ikate mishahara asilimia 15 kwa wiki 10 kwenye viwanda vyake viwili. Kiwanda cha kwanza bosi mkubwa mwenyewe alienda, akakaa na watu kama saa moja na nusu, akaonyesha hesabu zilivyo, akasema inamuuma, akajibu maswali mpaka yakaisha. Kiwanda cha pili waliitwa dakika kama 15, wakaambiwa mishahara inakatwa, sababu mbilitatu, kikao kimefungwa. Makato ni yaleyale. Wizi ukapanda kote kuwili, ila kwenye kile cha dakika 15 ulipanda mno, na walioacha kazi walikuwa wengi zaidi hukohuko. Mishahara iliporudi wizi nao ukashuka.

Kwa hiyo wewe afisa utumishi unaposema hapa kwetu wafanyakazi ni wezi, weka walinzi, funga kamera, jiulize pia lile tangazo la kufuta posho ya usafiri mliliwekaje. Liliwekwa kwenye grupu la WhatsApp Ijumaa saa kumi na moja jioni? Nimeona kwa macho yangu likiwekwa hivyo, na grupu likafungwa wasiweze kuandika isipokuwa maadmini.

Intavyuu nayo lazima niiguse, kwa sababu huko ndo uzembe wenyewe unakoanziaga, mtu anachaguliwa vibaya alafu analaumiwa miaka mitano. Paneli nyingi zinaanza na "tuambie kuhusu wewe", mmoja anauliza umesoma wapi, mwingine kakumbuka kwao ni wilaya hiyohiyo, mazungumzo yanaenda huko, wakitoka wanasema huyu kijana ametulia. Ametulia kwa kazi gani? Tafiti za miaka mingi zilizokusanywa pamoja, na uchambuzi mkubwa wa karibuni wa Paul Sackett na wenzake wa 2022, zinaonyesha usaili wenye mpangilio ndo unaotabiri vizuri zaidi mtu atafanyaje kazi, na miaka ya uzoefu peke yake inatabiri kidogo sana, hiyo inawashangaza wengi maana matangazo yetu ya kazi yote yanaanza na miaka mitano. Mpangilio maana yake unaanza kwa kuichambua kazi, mtu huyu asubuhi akifika anafanya nini hasa, alafu maswali yanatoka humo, kila anayeingia anaulizwa yaleyale kwa mtiririko uleule, na kila mwanapaneli anaandika alama zake kivyake kabla hamjaanza kujadiliana. Ukiruka hilo la mwisho, mwenye cheo kikubwa mezani akiguna tu, wengine wote wanafuta alama zao. Na hata ukifanya yote hayo bado utakosea baadhi ya watu, intavyuu haioni moyo wa mtu.

Alafu kuna uchovu. Huu wa kazi, ambao wikiendi haiuondoi. Mwanasaikolojia anaitwa Christina Maslach toka miaka ya 1980 ameuonyesha una sura tatu, nguvu zinaisha, unaanza kuwaona unaowahudumia kama kero, na unaanza kuamini huna unachokifanya cha maana. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuweka kwenye orodha yake kama hali inayotokana na msongo wa kazi usioshughulikiwa, halikuuita ugonjwa. Muuguzi anayemjibu mgonjwa vibaya dirishani mara nyingi alianza kazi akiwa na huruma kuliko sisi wote, ile sura ya pili ndo unayoiona. Na wengi wanafikiri wanaochoka ni mabosi kwa sababu ya majukumu. London kuna utafiti wa watumishi wa serikali ulioanza 1985, watu 10,308, ulianzishwa na Michael Marmot, ukakuta magonjwa ya moyo yanaongezeka kadiri unavyoshuka ngazi za vyeo, na moja ya sababu kubwa ni uhuru mdogo wa kuamua juu ya kazi yako mwenyewe. Kazi nyingi pamoja na kutokuwa na sauti, huo mchanganyiko ndo unaoua watu taratibu. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hapa Tanzania inasema kazi isizidi saa 45 kwa wiki na mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano, hayo ni ya chini kabisa na kuna watu wengi hawayapati, ila hata ukiyatoa yote na mtu hawezi kuamua hata aanze na faili lipi, hujamaliza.

Nirudi kwa wale wadada wa sembe. Nilimwomba meneja mambo mawili, aitoe ile safu ya jina na asikate bonasi ya mtu kwa mashine iliyosimama. Alibishana na mimi karibu wiki nzima, akaniambia watakuwa wanasimamisha mashine ili walale. Mwisho akakubali kujaribu mwezi mmoja.

Siku ya tisa akanipigia kakasirika kweli, akasema mashine ilikuwa inasimama mara mbilitatu kwa mwezi, sasa imeshasimama mara kumi na moja, nimemharibia kiwanda. Nikamweleza habari ya mtafiti anaitwa Amy Edmondson, ambaye miaka ya 1990 alipima makosa ya dawa kwenye wodi za hospitali za Marekani akitegemea kwamba timu zinazofanya kazi vizuri zitakuwa na makosa machache, akakuta ndizo zinazoripoti mengi zaidi, mpaka alipogundua kwamba kule kwingine makosa yalikuwepo vilevile ila watu walikuwa wanayaficha wakiogopa. Nikamwambia kaka, usihesabu kusimama, nenda stoo kahesabu mifuko.

Alienda. Jioni akanitumia picha ya daftari la stoo, ukurasa wa marejesho, zile mistari za wiki ile hazikufika hata nusu ukurasa. Chini yake akaandika kwamba fundi amekuja kuangalia ile hita ya mashine, imeungua upande mmoja, na anasema inaonekana ni ya muda mrefu.