Inteki ya gari ni nini, na ukitaka nguvu zaidi unaanzia wapi

Inteki ni ile njia yote hewa inapitia toka nje mpaka ndani ya silinda: mdomo ulio mbele karibu na taa, boksi la filta, ule mpira mnene, throto (kile kilango kinachofunguka ukikanyaga mafuta), mpaka manifoldi, yale mabomba yanayogawia silinda hewa. Huku Malindi ukimtajia mtu inteki anafikiria ile filta ya koni vijana wanafunga kwa Probox ikaanza kunguruma, lakini hicho ni kipande kimoja tu.

Petroli haiwaki peke yake. Kilo moja yataka kama kilo 14.7 za hewa ndo iungue yote, na ukipiga hesabu lita moja tu ya petroli inamaliza zaidi ya lita 9,000 za hewa. Kuongeza mafuta si kazi, pampu ipo, shida iko kwa hewa manake injini isiyo na tabo, ile feni ya kusukuma hewa, hakuna kitu kinaisukumia hewa, yavuta yenyewe pistoni ikishuka. Injini ya lita 1.5 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika na umekanyaga mpaka chini, nafasi iliyonayo ya kuvuta ni lita 2,250 kila dakika na kwa kawaida haijai yote, sasa hapo ndo watu wanatafuta nguvu: hewa ipite bila kubanwa, alafu iwe baridi.

Hiyo ya baridi ndo watu wa pwani tunaipuuza. Hewa ikipata moto inatanuka, kwa hiyo silinda ile ile inabeba hewa nyepesi. Chukua mchana wa kaskazi, nje joto liko 32, chini ya boneti gari ikienda polepole mjini inafika 60 bila tabu, ukivuta hiyo ya chini ya boneti umepoteza karibu asilimia 8 ya uzito wa hewa hata kabla hujaanza. Tena kompyuta ya gari ikisoma hewa ni moto inachelewesha cheche ili injini isigonge, yaani mafuta yasilipuke ovyo ndani ya silinda, nguvu inashuka zaidi.

Sasa rudi kwa ile koni. Boksi la kiwandani lina mdomo unaovuta nje ya joto la injini, wewe unalitoa, unaweka koni wazi kando ya injini inayochemka. Mlio utapata, wallahi, lakini nguvu mara nyingi ni ile ile au imepungua! Ukitaka koni kweli basi iwe na ukuta wa kuzuia joto na bomba linaloleta hewa toka mbele, la sivyo acha boksi lako. Na zile filta za kupakwa oili, ukizidisha oili inaenda kuganda kwa sensa ya hewa, kompyuta inaanza kusoma uongo na gari inakohoa.

Ati filta chafu inakula mafuta? Kwa gari za zamani za kabureta, ndio. Maabara ya Oak Ridge huko Marekani walipima gari za petroli za kisasa mwaka 2009, filta iliyoziba haikuongeza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana, gari zilichelewa tu kuchanganya mwendo. Kompyuta inapunguza mafuta yalingane na hewa iliyopo. Ni kama kunywa dafu kwa mrija uliobonyea, dafu halipungui, wewe ndo wachelewa.

Vumbi ndo adui mwenyewe. Ukitoka Malindi kwenda Marafa au ukaingia barabara za vumbi za Tsavo, ile mchanga laini ikipita filta inakwaruza silinda na ringi za pistoni, na hapo hakuna inteki ya kukusaidia tena. Filta ya karatasi ikishika vumbi kidogo inachuja vizuri zaidi ya mpya, kwa hiyo usiifungue kila siku kuigongagonga. Ukipuliza kwa kompresa puliza toka ndani kwenda nje, na upepo mdogo, nyingi zinatobolewa hapo gereji na mwenye gari hajui. Angalia pia klipu za mpira baada ya filta, mpira ukilegea hapo vumbi linaingia bila kuchujwa.

Hiace na Prado za dizeli zenye tabo hewa inasukumwa, na ikisukumwa inapata moto, ndo maana kuna intakula ya kuipoza. Ukisikia fyuu unapokanyaga, moshi mweusi nyuma na gari haina nguvu, angalia hozi za intakula kwanza kabla hujaambiwa ununue tabo. Na snokeli, lile bomba la hewa linalopanda mpaka karibu na paa, si ya kuvukia mito tu. Kwa msafara kazi yake kubwa ni kuvuta hewa ya juu, iliyo mbali na vumbi la gari ya mbele, ingawa kama bomba lake halijazibwa vizuri pale linapoungana na boksi umejipambia gari tu.