Castle au Harper? Dhana zinazopotosha ubishi wa nani aanze Spurs

Tangu San Antonio Spurs, timu ya ligi ya kikapu ya Marekani (NBA), wamchukue Dylan Harper kwenye drafti ya Juni 2025, zoezi la timu kuchagua vijana wapya kwa zamu, vijiwe vya kikapu vina ubishi mmoja: kati yake na Stephon Castle, kijana gani akabidhiwe mpira tangu mchezo unaanza? Castle alichaguliwa wa nne mwaka 2024 na akatwaa tuzo ya mchezaji chipukizi bora wa msimu wa 2024/25. Harper alichaguliwa wa pili mwaka uliofuata. Mbele yao wote yupo De'Aaron Fox, aliyetua Februari 2025 akitokea Sacramento, pointi gadi (mchezeshaji mkuu wa timu) ambaye tayari alikuwa na jina lake. Wachezeshaji watatu, mpira mmoja.

Ubishi huu naupenda, na nimeshaupigia kelele mwenyewe hadi sauti ikakauka. Tatizo ni kwamba mengi yanayosemwa yamesimama juu ya imani ambazo historia ya klabu hiihii ilishazikanusha zamani.

Dhana: wanaoanza ndio watano bora

Wanaoanza ni watano wanaofaa kuanza pamoja. Hilo ni jambo tofauti kabisa, na Spurs ndio waliolifundisha vizuri kuliko timu nyingine yoyote ninayoijua.

Manu Ginobili alikuwa mmoja wa nguzo tatu za timu ile, pamoja na Tim Duncan na Tony Parker. Hata hivyo sehemu kubwa ya maisha yake ya NBA alitokea benchi. Msimu wa 2007/08 alifunga wastani wa karibu pointi 20 kwa mchezo, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa akiba. Hakuna aliyethubutu kusema Ginobili ni mchezaji wa daraja la pili. Kocha Gregg Popovich alikuwa na hesabu yake: Duncan na Parker wakienda kupumzika, wapinzani nao wanaingiza akiba zao, na hapo ndipo Ginobili anapowakuta akiwa na mguu mpya na mpira mikononi. Mchezo wa NBA una dakika 48. Zile sita au saba za mwanzo ndizo zinazotangazwa kwa taa na muziki, lakini pointi zake hazina uzito kuliko za baadaye.

Dhana: aliyechaguliwa juu lazima aanze

Parker alichaguliwa wa 28 mwaka 2001. Alikuwa na miaka 19, na wiki chache tu za msimu wake wa kwanza zilitosha kumfanya aanze, akimpita Antonio Daniels aliyekuwa na uzoefu wa miaka kadhaa. Steve Nash alichaguliwa wa 15 mwaka 1996, akakaa Phoenix nyuma ya Kevin Johnson na Jason Kidd, akauzwa Dallas mwaka 1998. Miaka saba baadaye, akiwa amerudi Phoenix, alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi, na mwaka 2006 akaichukua tena.

Upande wa pili yupo Jonny Flynn. Minnesota walimchagua wa sita mwaka 2009, nafasi moja mbele ya Stephen Curry, katika drafti ileile ambayo Mtanzania Hasheem Thabeet alichukuliwa wa pili na Memphis. Flynn alianza karibu michezo yote ya msimu wake wa kwanza. Timu ilishinda 15 kati ya 82. Kocha Kurt Rambis alikuwa akitumia mfumo wa pembetatu, ambao haumpi pointi gadi mpira akae nao, na Flynn alikuwa kijana wa kukaa na mpira. Baadaye akafanyiwa upasuaji wa nyonga, na baada ya msimu wa 2011/12 hakucheza tena kwenye ligi. Alipewa nafasi ya kuanza bila ubakhili wowote, lakini mfumo wa kumfaa hakupewa.

Dhana: mwenye asisti (pasi za kuzaa kikapu) nyingi ndiye mchezeshaji bora

Hapa naomba tuangalie mpira kwa karibu.

Castle anakuja na mpira juu ya mstari wa pointi tatu. Victor Wembanyama, nyota mrefu wa Spurs, anapanda kumwekea skrini, yaani anasimama kumzibia njia mlinzi. Mlinzi wa Castle hapambani kupita mbele ya skrini, anapita nyuma yake taratibu na kumsubiri upande wa pili. Kwa nini? Kwa sababu katika msimu wake wa kwanza Castle hakufikia hata asilimia 30 ya mitupo ya pointi tatu. Mlinzi anamwambia kwa vitendo: tupa, nakuruhusu. Wakati huo Wembanyama ameshageuka kuelekea kikapuni, na anakuta watu wawili badala ya mmoja. Castle anarudisha mpira nyuma, shambulizi linaanza upya, sekunde zimekwisha. Kwenye karatasi ya takwimu hakuna kilichoandikwa. Si asisti, si mpira uliopotea. Lakini shambulizi limekufa.

Mpe mpira huohuo mtu ambaye mtupo wake unaogopwa. Mlinzi analazimika kupita mbele ya skrini, anachelewa hatua moja, na hatua hiyo moja inatosha kumrushia Wembanyama mpira wa juu ambao hakuna mkono mwingine utakaoufikia.

Basi Castle asianze? Subiri. Nenda upande wa ulinzi. Gadi hatari zaidi wa wapinzani mara nyingi anakabidhiwa Castle, na kazi ya kumfukuza mtu kama huyo kwenye skrini tano mfululizo haina safu kwenye takwimu za asubuhi. Anayehesabu asisti peke yake hayaoni yote mawili, ubovu wa Castle na utamu wake. Ndiyo maana ubishi wa takwimu hauishi.

Dhana: anayeanza ndiye anayemaliza

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inatufanya tugombanie dakika zisizo zenyewe.

Tarehe 15 Juni 2003, mchezo wa sita wa fainali, Spurs dhidi ya New Jersey Nets. Parker, sasa ana miaka 21, anaanza kama kawaida. Upande wa pili yupo Kidd, pointi gadi bora wa zama zile. Usiku ule Parker hawezi kitu, anamaliza na pointi nne tu. Robo ya nne Nets wako mbele, 72 kwa 63. Popovich ameshamwamini Speedy Claxton, akiba wa Parker, na anamwacha uwanjani. Spurs wanafunga pointi 19 mfululizo, wanashinda 88 kwa 77 na kuchukua ubingwa. Claxton anamaliza na pointi 13. Duncan siku hiyo alikuwa na pointi 21, ribaundi 20, asisti 10 na bloku 8, kwa hiyo hakuna anayemkumbuka Claxton. Lakini mpira ulikuwa mikononi mwake wakati ubingwa unaamuliwa.

Hata fainali ya kanda ya Magharibi kabla ya hapo, Parker alipougua tumbo katika mchezo wa sita dhidi ya Dallas, aliyeingia kuokoa jahazi alikuwa Steve Kerr, mzee wa benchi, akatupia pointi tatu mara nne.

Dhana: benchi linaua kijana

Kiwanja cha saruji cha mtaani kwetu niliwahi kumwona kijana akifungua kamba za viatu pale pale kocha alipomaliza kusoma majina matano. Alikuwa anaenda nyumbani. Maumivu yale ni ya kweli na siyabezi. Tena kwenye NBA yana bei: kwa chipukizi wa raundi ya kwanza, kuanza michezo 41 au kucheza dakika 2,000 kwa msimu ni kigezo kinachoweza kubadilisha kiwango cha ofa anayopewa mkataba wa kwanza unapoisha.

Ila mtazame Parker. Baada ya kukalishwa kwenye mchezo wa ubingwa, kiangazi hichohicho Spurs walimwalika Kidd San Antonio wakimtaka achukue nafasi yake. Kidd akaamua kubaki New Jersey. Parker aliendelea na kazi, na mwaka 2007 Spurs walipoifunga Cleveland michezo minne kwa bila, yeye ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa fainali, mchezaji wa kwanza kutoka Ulaya kufanya hivyo.

Kwa hiyo nani?

Fox na Castle waanze, Harper atokee benchi, na ndivyo Harper alivyoanza msimu wa 2025/26. Sisemi hivyo kwa kumshusha. Fox ndiye wa kuwalazimisha walinzi wapite mbele ya skrini, Castle ndiye wa kuwazima magadi wa wapinzani, na kila mmoja anaziba tundu la mwenzake. Harper, mtumia mkono wa kushoto anayeingia kikapuni kama anafungua mlango wa kwao, anapata kikosi cha pili chake mwenyewe na mpira ambao hagawani na mtu.

Ukiamka alfajiri kuwatazama wakicheza nyumbani, usingizi ukikuelemea mwanzoni usijilaumu. Hakikisha tu macho yako wazi dakika nne za mwisho, uone ni nani kati ya hao watatu kocha Mitch Johnson amemwacha ndani.