Objekti na klasi: maana ya kuandika programu kwa objekti

Kuandika programu kwa objekti ni namna ya kuipanga programu ambapo data, pamoja na shughuli zinazoruhusiwa kufanywa juu ya data hiyo, hukaa mahali pamoja, na sehemu nyingine za programu haziigusi data hiyo ila kwa kupitia shughuli hizo. Mwanafunzi wa uhandisi wa kompyuta mara nyingi huikuta dhana hii akiwa ameshasoma lugha ya programu iitwayo C, ambamo amezoea kuweka data upande mmoja na funksheni, yaani vipande vya programu vinavyofanya kazi fulani, upande wa pili. Akiingia kwenye lugha za C++ au Java hukaririshwa nguzo nne: ufumbataji (kuificha data nyuma ya shughuli zake), udhahanishaji (kuonyesha yaliyo muhimu na kuacha undani), urithi (aina moja kupokea sifa za nyingine) na polimofizimu (agizo moja kutekelezwa na kila aina kwa namna yake). Nguzo hizo si uongo, lakini hazina uzito sawa, na anayezikariri kwa ajili ya mtihani huenda asitambue kwamba ufumbataji ndio unaozibeba nyingine.

Aliyewahi kuandika Serial.begin(9600) kwenye bodi ya Arduino, kompyuta ndogo ya kujifunzia vifaa vya elektroniki, ameshatumia objekti, pengine bila kujua. Serial ni objekti, begin ni methodi yake, yaani mojawapo ya shughuli zake, na 9600 ni kasi ya mawasiliano kwa biti katika sekunde moja. Kwenye bodi kama Uno na Mega objekti hiyo ni ya klasi iitwayo HardwareSerial, nayo klasi ni maelezo ya data ambayo kila objekti ya aina hiyo itabeba na ya mambo ambayo itaweza kufanya. Bodi ya Arduino Mega 2560 ina milango minne ya mawasiliano ya aina hii, na kwa hiyo kuna objekti nne, Serial, Serial1, Serial2 na Serial3, zote za klasi hiyo moja. Methodi zimeandikwa mara moja tu, ila kila objekti ina hali yake, na baiti (kipande cha data cha biti nane) iliyoingia kupitia Serial1 haionekani kamwe ndani ya Serial2.

Ndani ya kila objekti hizo mna bafa ya kupokelea, yaani hifadhi ya muda ya data inayosubiri kusomwa, ambayo kwenye bodi kama Uno na Mega huwa na nafasi 64 za baiti moja moja. Bafa hii huzunguka: namba moja huonyesha mahali baiti mpya itakapowekwa, nyingine huonyesha baiti itakayosomwa kwanza, na namba hizo zikilingana maana yake bafa ni tupu. Kwa sababu hiyo baiti zinazokaa humo haziwezi kuzidi 63, maana ya 64 ingezifanya namba hizo zilingane tena na bafa iliyojaa ingeonekana tupu. Maunzi hukatiza programu kila baiti inapofika, nayo baiti ikikuta bafa imejaa hutupwa. Sasa tuchukulie kwamba kila sehemu ya programu ingeweza kuongeza moja kwenye mojawapo ya namba hizo kwa mkono: kosa dogo lililofanywa mahali popote lingeharibu mapokezi yote, na mtafutaji wa kosa angelazimika kukagua programu nzima. Klasi imezificha namba hizo, na mtumiaji amepewa methodi available, inayomwambia ni baiti ngapi zinasubiri, na read, inayompa inayofuata au -1 ikiwa hakuna. Huo ndio ufumbataji: kuna sharti ambalo lazima lidumu, na waliokabidhiwa kulilinda ni wachache wanaojulikana.

Urithi na polimofizimu vinaonekana papo hapo. HardwareSerial imerithi, kwa kupitia klasi ya kati iitwayo Stream, kutoka klasi iitwayo Print, na LiquidCrystal, inayoendesha skrini ndogo za LCD, nayo imerithi kutoka Print. Kazi ya kugeuza namba au maneno kuwa mfululizo wa baiti imeandikwa ndani ya Print, lakini kupeleka baiti moja mahali pake kumeachiwa methodi write, ambayo kila klasi iliyorithi huiandika kwa namna yake. Funksheni iliyoandikwa kupokea Print yoyote itachapisha kwenye skrini au kwenye waya bila kubadilishwa hata mstari mmoja.

Mazoezi ya darasani ya Mbwa anayerithi kutoka Mnyama hufundisha kidogo sana, kwa kuwa mbwa huyo hana sharti lolote la kulinda. Matokeo yake ni wanafunzi wanaorithisha kila kitu, hata kituo cha kupimia joto kinarithi kutoka skrini, ilhali kituo kina skrini tu, wala chenyewe si skrini.

Dhana yenyewe ilianzia Norwei, ambako Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walibuni Simula katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kuiga mifumo halisi kwenye kompyuta; toleo la Simula 67 ndilo lililoleta klasi na urithi. Bjarne Stroustrup, aliyekuwa ameitumia Simula, alianza mwaka 1979 kuiongezea C klasi, na kazi hiyo ikazaa C++. Hata hivyo, lugha si sharti la lazima. Kiini cha Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kimeandikwa kwa kiasi kikubwa katika C, na bado kila aina ya faili huja na jedwali lake la funksheni za kufungua, kusoma na kuandika, ambazo kiini huziita bila kujali kama upande wa pili kuna diski au mlango wa mawasiliano.