Usifute chenga kabla hujatafuta chombo

Mtu akifungua picha ya rada ya setilaiti kwa mara ya kwanza huuliza: mbona imejaa chenga, kama televisheni yenye antena mbovu? Chenga hizi si ubovu wa mtambo. Kwenye Sentinel-1, rada ya setilaiti ya Ulaya ambayo picha zake ndizo kazi yangu ya kila siku ya kutafuta vyombo vya baharini, wimbi lina urefu wa sentimita 5.5, na kipande kidogo kabisa inachoweza kukitenganisha ni takriban mita 5 kwa 20. Ndani ya kipande hicho yamo mawe, majani, viwimbi vya bahari, na kila kimoja kinarudisha mwangwi wake. Miangwi ikienda sambamba hukuzana, ikipishana hufutana. Ndiyo maana pikseli moja ya shamba hung'aa na jirani yake ikawa nyeusi tii, ilhali udongo ni uleule.

Tena chenga hizi haziongezwi juu ya picha, zinaizidisha: panapong'aa zaidi ndipo zinapoyumba zaidi. Katika picha ghafi, myumbo wa nguvu ya mwangwi ni mkubwa sawa na wastani wake. Ukichukua wastani wa vipimo 4 visivyotegemeana, myumbo unapungua hadi nusu. Ukichukua 16, hadi robo. Bei yake ni kupoteza vitu vidogo.

Hapo ndipo nisipokubaliana na wanaofundisha kwamba hatua ya kwanza ni kupitisha kichujio, yaani hesabu ya kulainisha chenga, kwa kawaida kile cha mtafiti Lee cha mwaka 1980. Kwa misitu na mashamba ni kichujio kizuri mno. Kwa boti ya mbao inayokaa kwenye pikseli moja au mbili, kinaweza kuifuta kabisa. Nimewahi kuona nukta katika mkondo wa bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja ikiyeyuka namna hiyo. Niliporudi kwenye picha ghafi, ilikuwa palepale, kwenye VV (wimbi linatumwa na kupokelewa wima) na VH (linatumwa wima, linapokelewa mlalo) zote mbili.

Kwa hiyo naanza kwa kuondoa kelele ya mtambo wenyewe. Jedwali lake huja ndani ya faili, na VH inaihitaji zaidi, kwa sababu kelele hujionyesha kama michirizi pale vipande vitatu vya picha vinapoungana. Kisha naifunika nchi kavu, na kila pikseli nailinganisha na duara la bahari inayoizunguka, nikiacha pengo katikati ili mng'ao wa chombo usipandishe wastani wa bahari. Kizingiti, yaani mng'ao ambao pikseli ikiuvuka naihesabu kuwa chombo, hupanda na kushuka na hali ya maji, hivyo siku ya kusi kali hainijazii meli za uongo.

Mwendo ni fumbo jingine, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Rada hii huunganisha miangwi ya safari yake kana kwamba kila kitu chini kimetulia. Setilaiti inakwenda kilomita 7.5 hivi kwa sekunde, na chombo kiko mbali nayo kilomita 850 hivi. Meli ikiisogelea kwa mita 5 tu kwa sekunde, huchorwa zaidi ya nusu kilomita mbele, kwenye uelekeo wa setilaiti. Maji iliyoyakata hubaki mahali pake! Unaona meli huku, njia yake kule. Pima pengo, upate kasi.

Kwa gari linalokwenda, nchi kavu haina njia ya maji ya kupima. Huko zinahitajika antena mbili zinazofuatana, kama setilaiti ya rada RADARSAT-2 ya Kanada inavyoweza kuigawa antena yake. Ya nyuma hupita alipopita mwenzake muda mfupi sana baadaye; ukitoa picha moja kwenye nyingine, ardhi iliyotulia hutoweka pamoja na chenga zake, gari likabaki. Baharini hesabu haifutiki safi namna hiyo, kwa kuwa maji nayo yanatembea. Baada ya kutoa, narudi kwenye duara langu, safari hii juu ya picha ya tofauti.