Magari Hayahitaji Bando Ili Yaongee

Juzi kwenye kijiwe cha kahawa hapa Mtwara mjini nimeambiwa tena: "Injinia, hayo magari yako ya kupashana habari yasubiri kwanza minara ifike kila pori. Halafu bando atalipa nani?" Hii mara ya ngapi jamani?

Hakuna bando. Mnara si lazima. Redio ya gari inatangaza hewani, kwenye masafa ya gigahezi 5.9, na aliye jirani anasikia. Iwe redio ya aina ya 802.11p, ndugu yake Wi-Fi, iwe ya C-V2X, ile ya ukoo wa simu iliyoingia kwenye viwango vya simu mwaka 2017, magari yanasemezana yenyewe. Tusonge.

Lori la korosho likikata ekseli njia ya Mingoyo, utingo anafanyaje? Anavunja matawi, anayapanga barabarani nyuma ya lori. Hajui nani atayaona, wala hasubiri jibu. Ujumbe wa gari ndio huohuo: nipo hapa, naelekea kule, nimefunga breki. Haujibiwi.

Kinachonichefua zaidi ni hiki: "Basi yaongee muda wote, tena kwa nguvu." Haya, shika kalamu. Ujumbe wa baiti 300 ni biti 2,400. Kwa kasi ya megabiti 6 kwa sekunde, unakalia hewa milisekunde 0.4. Gari likituma mara 10 kwa sekunde limekula milisekunde 4. Magari 250 yanayosikiana yamemaliza sekunde nzima, na ujumbe kugongana hewani sijaugusa! Ukipandisha nguvu ya redio utafika mbali, sawa, na huko mbali utawaharibia wengine mazungumzo yao. Ndiyo maana viwango vya Ulaya vinalibana gari: tangaza ukishageuka zaidi ya nyuzi 4, au ukishasogea zaidi ya mita 4, au mwendo ukibadilika zaidi ya nusu mita kwa sekunde, na usizidi mara 10 kwa sekunde. Umesimama tu? Mara moja kwa sekunde inakutosha. Hewa ikijaa, punguza tena.

Nina mashaka yangu pia. Masafa hayo hayapendi majani mabichi, na kona zetu zimezibwa na mikorosho. Hesabu za karatasini siziamini huko. Usiku usio na mwezi matawi huyaoni mpaka umeyakanyaga, na hapo redio ingeokoa watu, ila lazima na gari linalokuja liwe nayo. Mengi hayana. Sijui nani atakubali kuwa wa kwanza kuinunua, asikilize kimya kitupu kutoka Mtwara mpaka Masasi.