Nyasi za ukanda wa baridi: kazi kubwa iko mapukutiko, sio machipuko

Machipuko yakifika, theluji ikishayeyuka tu na jua likatoka siku mbili tatu mfululizo, simu yangu haipumziki. Kila mtu anataka mbolea, anataka kukata, anataka mbele ya nyumba pawe kijani wiki ijayo. Na jibu langu kila mwaka ni lile lile ambalo wateja hawalipendi: tulia kwanza. Kwa nyasi za ukanda wa baridi mwaka unaanza mapukutiko, pale joto linapoanza kushuka na majani ya miti yanabadilika rangi, na ulichofanya au ulichoacha kufanya kipindi kile ndo unachokiona sasa hivi hapo nje.

Ngoja nieleze sababu, maana nikiishia hapo mtu ataona fundi wa bustani kachoka anakwepa kazi.

Nyasi zinazopandwa sana sehemu za baridi ni raigrasi (Lolium perenne), feskyu (Festuca) za aina kadhaa na Poa pratensis. Majani yake yanakua vizuri hewa ikiwa nyuzi 15 mpaka 24 hivi za Selsiasi, ila mizizi inapenda ubaridi kuliko majani, udongo ukiwa kati ya nyuzi 10 na 18 ndo inakimbia haswa. Hali hiyo inatokea mara mbili kwa mwaka, machipuko na mapukutiko, lakini misimu hii miwili haifanani hata kidogo. Machipuko joto linapanda, nyasi zinaelekeza nguvu kwenye majani na kwenye kutoa mbegu, na mbele yake kuna kiangazi kinakuja kuzichoma. Mapukutiko siku zinafupika, jani linapunguza kasi ya kurefuka lakini bado linatengeneza sukari, na kwa kuwa sukari hiyo haitumiki sana juu inashuka chini kwenye mizizi na kwenye kitako cha mmea, pale shina linapokutana na udongo. Hiyo ndo akiba ya kupita nayo winta, yaani majira ya baridi na theluji, na ndo nguvu ya kuamkia.

Sasa wewe ukimwaga mbolea yenye naitrojeni nyingi mapema machipuko unazilazimisha zitoe akiba yote kwenda kwenye majani. Utapata kijani, tena haraka, majirani watasifia, utakata mara mbili kwa wiki mpaka uchoke, alafu joto likifika mizizi ni mifupi na bustani yako ndo ya kwanza kugeuka kahawia mtaani.

Kwa hiyo tuanze na mapukutiko, na nitakaa hapa sana kwa sababu pesa na jasho vinatakiwa viende hapa.

Cha kwanza ni udongo ulioshindiliwa. Chukua bisibisi ndefu uichomeke ardhini siku moja baada ya mvua, ikigoma kuingia ujue mizizi nayo inagoma hivyo hivyo. Dawa yake ni mashine ya kutoboa ile inayotoa vipande vya udongo, vinatoka kama vizibo vya chupa, urefu sentimita 5 mpaka 8. Nasisitiza inayotoa udongo, sio ile ya misumari inayochoma tu, maana msumari unasukuma udongo pembeni na kuushindilia zaidi kuzunguka tundu. Vipande ukiviacha juu vitamomonyoka vyenyewe kwa mvua, usihangaike kuviokota. Na viatu vya misumari wanavyovaa watu wakatembea kwenye bustani, jamani, hayo ni mazoezi ya miguu tu.

Ukishatoboa ndo wakati wa kuongeza mbegu, maana zinaangukia kwenye matundu na zinagusana na udongo. Udongo bado una joto la kiangazi, hewa imepoa, mvua zinaanza, magugu mengi ya msimu mmoja yanamaliza maisha yake, huwezi kupata mazingira mazuri zaidi ya hapo. Hakikisha unamwaga angalau siku 45 kabla ya jalidi ya kwanza, yaani ule umande unaoganda asubuhi. Raigrasi inaota ndani ya siku 5 mpaka 10, feskyu wiki moja mpaka mbili, Poa pratensis ndo inajaribu subira, wiki mbili mpaka nne, na kila mwaka kuna mtu ananipigia siku ya kumi kuniambia nimemuuzia mbegu mbovu. Kama mchanganyiko wako una zote, usiache kumwagilia eti kwa sababu umeona kijani, ile ni raigrasi imetangulia, wenzake bado wako ndani na wakikauka sasa hivi wamekufa. Wakati wa kuota maji yanakuwa kidogo kidogo ila mara nyingi, juu pasikauke.

Mbolea hapa watu wanachanganyikiwa kwa zile namba tatu kwenye mfuko wakati hesabu yake ni nyepesi. Namba ya kwanza ni asilimia ya naitrojeni. Kwa mara moja unalenga kama gramu 5 za naitrojeni kwa mita moja ya mraba. Mfuko ukiandikwa 25-5-10 maana yake robo ya uzito ni naitrojeni, kwa hiyo unahitaji gramu 20 za mbolea kwa kila mita ya mraba, na bustani ya mita za mraba 100 inakula kilo 2. Basi. Kilo 5 kwa eneo hilo hilo sio upendo, ni kuunguza nyasi, na mbolea inayobaki inaoshwa na mvua kwenda mtoni. Mwaga nusu ukitembea upande mmoja na nusu nyingine ukikatiza, bustani haitatoka na mistari. Fosforasi, ile namba ya pili, usiiongeze kabla hujapima udongo, sehemu nyingi inakuwepo ya kutosha na baadhi ya maeneo hata sheria inakataza kuimwaga kwenye nyasi zilizokwisha kushika. Kipimo hicho hicho kitakupa na pH, yaani kiwango cha tindikali ya udongo, ikiwa kati ya 6 na 7 chokaa haina kazi hapo, usiimwage kwa mazoea.

Magugu ya maua ya njano, yale ya Taraxacum yanayogeuka manyoya meupe na kupeperuka, nayo tunayapiga msimu huu. Watu wanayakumbuka machipuko yakishachanua lakini wakati ule mmea unasukuma chakula juu kwenda kwenye ua. Mapukutiko chakula kinashuka kwenye mzizi, na dawa inayofyonzwa na jani inashuka pamoja nacho mpaka chini kabisa. Ukipenda kung'oa kwa mkono pia sawa, ila toa mzizi wote, kipande kikibaki kinachipua upya.

Majani ya miti usiyaache yakajipanga juu ya nyasi kwa sababu yanaziba mwanga na kushika unyevu, lakini pia huna haja ya kuyasomba yote kwenye mifuko. Pita juu yake na mashine ya kukatia nyasi yakiwa makavu, yasagike, yashuke katikati ya nyasi. Ukimaliza ukaona nyasi bado zinaonekana basi ni sawa, ukiona majani tu ni mengi mno, hayo ya ziada peleka kwenye mboji.

Winta yenyewe kazi ni ndogo. Usitembee kwenye nyasi zilizoganda, seli za majani zinapasuka na utaona nyayo zako zimechorwa kahawia. Chumvi ya kuyeyushia barafu njiani usiisukumie bustanini. Na mkato wa mwisho kabla ya theluji shusha kidogo kuliko kawaida, sentimita 5 hivi, kwa sababu nyasi ndefu zikilala chini ya theluji nene kwa miezi zinapata ugonjwa wa ukungu, kuna wa kijivu wa Typhula na kuna wa rangi ya waridi, Microdochium nivale. Ukikuta mabaka ya duara yenye utando kama buibui theluji ikishaondoka, usikimbilie dawa. Yakwaruze taratibu kwa reki hewa ipite, mara nyingi yanapona yenyewe, huo wa waridi ndo mkorofi zaidi maana unaweza kuua mpaka kitako.

Haya, machipuko sasa, na kazi ya kwanza ni kusubiri. Udongo ukiwa chepechepe usipite na mashine wala toroli, unaharibu kwa dakika chache ulichotoboa mapukutiko. Ukichukua udongo mkononi ukaufinya ukabaki donge la matope, rudi ndani. Baada ya hapo nunua kipimajoto cha udongo, ni kifaa kidogo tu, kichomeke asubuhi sentimita 5 chini. Magugu ya Digitaria, yale yanayotambaa na kujaza nafasi wazi, mbegu zake zinaanza kuamka udongo ukikaa nyuzi 13 hivi kwa siku kadhaa mfululizo, kwa hiyo dawa ya kuzuia kuota inatakiwa iwe imetangulia hapo. Ila kumbuka dawa hiyo haichagui, inazuia na mbegu za nyasi ulizomwaga wewe. Hii ni sababu nyingine ya kumaliza habari za mbegu mapukutiko. Mbolea kama uliweka vizuri mwaka uliopita subiri mpaka nyasi zimeshakatwa mara kadhaa, na hata hapo iwe kidogo.

Kukata: sentimita 6 mpaka 9, na usitoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Watu wanakata chini sana wakidhani wanapunguza safari, matokeo yake jua linafika kwenye udongo na mbegu za magugu zinashukuru. Mizizi inafuata urefu wa jani, ukinyoa juu unafupisha na chini. Vipande vya nyasi viache hapo hapo, sehemu kubwa ni maji, vinaoza haraka na vinarudisha mpaka robo ya naitrojeni ambayo bustani inahitaji. Na wembe wa mashine unolewe, ncha za nyasi zikiwa nyeupe na zimechanikachanika baada ya kukata huo ni wembe butu, sio ugonjwa.

Kiangazi chagua moja kati ya mawili na usiyumbe. Ama unamwagilia kweli, kama sentimita 2.5 kwa wiki pamoja na mvua, yaani lita 25 kwa mita ya mraba, alfajiri, kwa awamu moja au mbili za kulowesha mpaka chini. Ama unaziacha zilale. Nyasi kugeuka kahawia kwenye joto sio kufa, zimejifunga tu, kitako kiko hai, na ukame ukiwa mrefu zipe sentimita moja hivi kila baada ya wiki mbili tatu kitako kisikauke. Kinachozimaliza ni kuziamsha kwa maji wiki hii, kuzisahau wiki ijayo, alafu kuziamsha tena, kila kuamka kunakula akiba. Na zikiwa zimelala usikate, usiweke mbolea, watoto wasifanye uwanja.

Tukitoka kwenye nyasi, kwenye mboga nako kipimajoto kile kile cha udongo kinakusaidia, na hapa kalenda ndo inadanganya kabisa. Njegere na spinachi zinaota udongo ukiwa hata nyuzi 5 mpaka 7, viazi vinataka kama 8, maharage usijaribu chini ya 15 maana yataoza ardhini. Nyanya hazitoki nje mpaka usiku uwe juu ya nyuzi 10, na miche iliyokulia ndani izoeshwe kwanza wiki moja mpaka siku 10, leo masaa mawili kivulini, kesho zaidi, mpaka ilale nje. Mche uliotolewa dirishani ukapelekwa moja kwa moja kwenye jua na upepo unaungua majani siku hiyo hiyo.

Na mboga nazo zina mapukutiko yake ambayo watu wanayapoteza bure. Karoti na keli (jamii ya sukuma wiki) zikipigwa na jalidi zinakuwa tamu, kwa sababu mmea unageuza wanga kuwa sukari ili maji ndani ya seli yasigande kirahisi. Lakini panda mapema, hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya jalidi ya kwanza na uongeze wiki mbili juu ya siku zilizoandikwa kwenye pakiti, kwa kuwa mwanga ukishuka chini ya masaa 10 kwa siku mboga nyingi zinasimama, hazifi wala hazikui. Kitunguu saumu chenyewe kinaingia ardhini wakati huu, sentimita 5 chini, nafasi 10 mpaka 15, ncha juu, alafu funika na majani makavu. Kinahitaji wiki kadhaa za baridi ili kigawanyike punje, ukikipanda machipuko mara nyingi utavuna kitu cha duara kisicho na punje. Hakikisha tu unakiweka wiki chache kabla ardhi haijaganda kishike mizizi, na ukiona kimetoa kijani kidogo kabla ya theluji usishtuke, hicho kijani kinavumilia.