Harambee ya shule: tunavyosimulia na ilivyokuwa

"Harambee ililetwa na Mzee Kenyatta." Hivyo ndivyo wengi wetu Kenya tulivyokaririshwa. Alichofanya Jomo Kenyatta tarehe 1 Juni 1963, siku ya Madaraka, ni kulichukua neno lililokuwa vinywani mwa watu wa pwani na kuligeuza wito wa taifa. Wavuta mashua na wachukuzi waliitana hivyo ili nguvu zao ziuangukie mzigo kwa pamoja: mmoja anaita, wengine wanaitikia. Kuchangia shule kwenyewe kulikuwa na umri mkubwa kuliko bendera. Katika nchi ya Wakikuyu, wazazi waliochoshwa na masharti ya wamisheni walijijengea shule huru miaka ya 1920 na 1930. Mwaka 1939 Mbiyu Koinange alifungua chuo cha walimu Githunguri, na marika yakashindana nani atatoa zaidi. Serikali ya kikoloni ilikifunga 1952, baada ya kutangaza hali ya hatari; baadaye pakawa mahali pa kunyongea watu. Na Tom Mboya alipopanga safari za ndege za kupeleka wanafunzi Marekani, kuanzia Septemba 1959, jamaa na majirani waliandaa karamu za chai za kuwachangia vijana wao. Hakuna aliyekuja kwa kiu ya chai.

Kuna pia wanaolikwepa neno lenyewe, wakidai ni jina la mungu wa Kihindi lililoachwa na wajenzi wa reli. Mfanano wa sauti si ushahidi. Mswahili anayevuta jahazi hadi nchi kavu analitamka kwa sababu mzigo ni mzito, basi.

Dhana inayoniudhi zaidi ni hii: "Shule yetu ilijengwa na mheshimiwa fulani." Tunamkumbuka mgeni rasmi kwa sababu alikuwa na kipaza sauti. Alifika saa nane akiwa amekaribishwa saa nne, akatoa bahasha "kwa niaba yangu na marafiki zangu", kiasi kikasomwa mara mbili, vigelegele vikapigwa. Lakini nani aliyesomba mchanga mtoni wiki nzima? Nani aliyeponda kokoto? Nguvu za mikono hazina risiti, ndiyo maana hazimo kwenye hotuba.

Halafu kuna ule mnada. Mama hana pesa, ana jogoo. Jogoo ananadiwa, mtu anamnunua kwa bei ambayo sokoni ingekuwa kichekesho, kisha anamrudisha mezani anadiwe tena. Jogoo mmoja anaweza kuuzwa mara nne mchana mmoja na jioni akabaki hai. Atakayekwambia mnada huo ni upuuzi wa watu wasiojua bei hajauelewa: bei ndiyo mchango, jogoo ni kisingizio. Huyo mama naye hahesabiwi kuwa ametoa kuku mmoja, ametoa mabati.

"Ilikuwa hiari." Ilianza hivyo. Baadaye machifu walikamata mbuzi na kuku wa asiyetoa, na wafanyakazi wakakatwa mishahara bila kuulizwa. Mwaka 2003 jopokazi lililoongozwa na Koigi wa Wamwere lilichunguza michango hiyo na kukuta kwamba mikono ya wanasiasa ilifunguka zaidi uchaguzi ulipokaribia. Mwaka huohuo Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ilikataza mtumishi kukusanyia harambee ofisini au kutumia cheo chake kumbana mtu atoe. Julai 2024, katikati ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kuwazuia maafisa wa serikali wasishiriki harambee. Wengine wakaelewa kwamba harambee imekufa kisheria. Tangazo lilimlenga mwenye cheo. Mzazi na jirani yake hawakuguswa.

Limebaki moja, ambalo hata sisi tunaozipenda harambee hulikwepa: "Jengo likiisha, shule imepatikana." Katika miaka ya 1970 shule za sekondari zisizo za serikali, nyingi zikiwa za harambee, zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Kuta zilisimama upesi. Waliokosekana ni walimu waliosomea kazi, maabara na vitabu, na karo ikawa juu kuliko ya shule za serikali, kwa hiyo maskini aliyesomba mawe ndiye aliyelipa zaidi ili mwanawe asome pabaya zaidi. Zilizofaulu kukua zilipata mkono mwingine wa kuzishika baada ya sherehe. Taasisi ya Kimathi, Nyeri, iliyochangiwa na wakulima wa kahawa na chai tangu 1972, leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, lakini mishahara ya wahadhiri wake haitoki kwenye bahasha.

Ukuta hujengwa mara moja, mwalimu hula kila mwezi. Elimu ya msingi bila karo ilirudi Januari 2003, ila hadi leo shule nyingi huajiri walimu kupitia bodi ya usimamizi ya shule (BOM) kwa sababu tume ya serikali inayoajiri walimu haijaleta wa kutosha. Mzazi anawaita "walimu wa BOM", na ndiye anayewalipa. Kwa madarasa mapya kadi za mwaliko huchapishwa mapema. Kwa mshahara wa mwalimu huyo, mwezi wa pili, wa tatu, hakuna jogoo anayenadiwa.